Maisha ya Joseph Conrad, aliyelala karibu na maporomoko yetu



Wakati wa likizo kubwa Bwana Prefe alituomba sisi wa kamati ya gazeti tupange upya chumba cha vitabu, kwa sababu mchwa walikuwa wamekwisha kula rafu ya chini. Tulifikiri ni kazi ya siku mbili. Ilichukua wiki mbili, na kosa lilikuwa letu wenyewe: nyuma ya kabati tulikuta sanduku la mbao lililojaa vitabu vya zamani vya kutisha, nasi tukaweka mifagio chini tukaanza kusoma.

Ninyi mnaolala internati mnajua namna habari za woga zinavyopendwa taa zikiisha kuzimwa. Kila mmoja ana yake, ya mamba aliye mtu, ya mwanamke wa barabarani asiye na miguu. Basi Wazungu nao wanazo, na wameziandika. Ndani ya sanduku mlikuwa na Frankenstein, kitabu alichokitoa Mary Shelley mwaka 1818, habari ya kijana msomi aliyeunga viungo vya maiti akafanya mtu, kisha akamkimbia. Mlikuwa na Dracula wa Bram Stoker, wa mwaka 1897, habari ya bwana mkubwa aliyekufa lakini anakunywa damu ya wazima. Mlikuwa na kile cha Stevenson cha mwaka 1886, cha Daktari Jekyll aliyekuwa na mtu mwingine mbaya ndani yake. Vyote kwa Kifaransa, vyote bila jalada. Mwenzetu wa darasa la tano akaokota kilicho kidogo kuliko vyote, kurasa mia moja na kitu tu. Akasoma kimya, halafu akatuita, akasema mto huu yeye anaujua.

Kitabu hicho ni Heart of Darkness, yaani Moyo wa Giza. Hakitaji jina la mto wala la nchi. Lakini wataalamu wanakubaliana kwamba kituo cha mwisho cha safari yake, pale panapotisha kuliko pote, kimetoka hapa petu Kisangani. Mwandishi mwenyewe alifika hapa kwa meli, akalala chini kidogo ya maporomoko ya Wagenia, mwezi wa 9 mwaka 1890. Dracula hajafika hapa hata siku moja. Huyu alifika. Ndio maana tumeona vema kuwaeleza maisha yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa refu, Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1857 huko Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, na wakati ule Wapolandi hawakuwa na nchi: walikuwa wamegawanywa na wafalme watatu, na upande wao ulitawaliwa na Warusi. Baba yake, Apollo, alikuwa mtunga mashairi na mfasiri, tena mtu wa siasa. Mwaka 1861 Warusi wakamtia gerezani, na mwaka uliofuata wakampeleka uhamishoni pamoja na mke wake na mtoto wao wa miaka minne, mpaka Vologda, kwenye baridi kali. Mama akafa kwa kifua kikuu mwaka 1865. Baba akafa mwaka 1869, na mtoto wa miaka kumi na mmoja akatembea mbele ya jeneza lake katika mji wa Kraków. Tunaomba mwangalie jambo hili: yule aliyekuja kuandika habari za wenye kutawaliwa alikuwa mwenyewe mtoto wa watu waliotawaliwa. Tutalirudia.

Mjomba wake, Tadeusz Bobrowski, akamlea na kumlipia masomo, lakini kijana hakutulia darasani. Alipenda ramani. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba siku moja, alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, aliweka kidole katikati ya ramani ya Afrika, mahali palipoachwa peupe kwa kuwa wachora ramani wa Ulaya hawakupajua, akajisifu kwamba akikua atakwenda pale. Pale peupe ndipo hapa. Mababu wa Wagenia walikuwa wakivua samaki juu ya peupe ile, bila kujua kwamba hawapo kwenye ramani.

Mwaka 1874, akiwa na miaka kumi na sita, akaenda Marseille kuwa baharia. Mwaka 1878 akaingia katika meli ya Waingereza, na hapo ndipo alipoanza kujifunza Kiingereza, akiwa na miaka ishirini. Sisi tunaosema Kiswahili nyumbani, Lingala sokoni na Kifaransa darasani, hatuna sababu ya kulia: huyu aliandika vitabu vyake vyote vikubwa kwa lugha yake ya tatu, na wanasema mpaka kufa matamshi yake ya Kiingereza yaliwachekesha rafiki zake. Mwaka 1886 akapata uraia wa Uingereza na cheti cha unahodha.

Sasa tufike kwenye Kongo. Mwaka 1890 nchi hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa pili, mfalme wa Wabelgiji, na watu waliiita serikali yake Bula Matari. Kampuni moja ya Brussels iliyofanya biashara ya pembe za ndovu ilikuwa na meli mtoni, na nahodha wake mmoja, Mdenmark aitwaye Freiesleben, alikuwa ameuawa Tchumbiri katika ugomvi na wanakijiji. Conrad akapewa nafasi yake, kwa msaada wa mwanamke wa jamaa yake aliyekaa Brussels. Alifika Boma tarehe 12 mwezi wa 6, na kesho yake Matadi. Huko Matadi alikutana na kijana Mwairlandi, Roger Casement, wakakaa chumba kimoja karibu wiki mbili. Shikeni jina hilo. Reli haikuwapo bado, kwa hiyo akatembea kwa miguu kutoka Matadi mpaka Kinshasa, zaidi ya siku thelathini, pamoja na wapagazi. Katika daftari yake ya safari aliandika habari za mbu, za maji machafu, na za maiti alizoziona kando ya njia. Katika sanduku lake mlikuwa na sura za kwanza za kitabu chake cha kwanza, Almayer's Folly.

Alipofika Kinshasa, meli aliyoahidiwa ilikuwa imevunjika. Akapanda meli nyingine ndogo, Roi des Belges, chini ya nahodha Koch, ili aujue mto. Waliondoka mwanzo wa mwezi wa 8, na tarehe 1 mwezi wa 9 wakatia nanga hapa, Stanley Falls, kama Wazungu walivyopaita. Alikaa karibu juma moja tu. Koch akaugua, Conrad akakabidhiwa meli kwa muda ili airudishe. Wakampakia mgonjwa mwingine, wakala wa pembe za ndovu, Mfaransa aitwaye Georges-Antoine Klein. Klein akafa njiani tarehe 21, akazikwa Tchumbiri. Miaka minane baadaye Conrad, akiandika habari ya wakala wa pembe za ndovu anayefia ndani ya meli, kwanza alimpa jina la Klein, halafu akalifuta akaandika Kurtz. Kwa Kijerumani jina la kwanza ni mdogo na la pili ni mfupi.

Juma lile moja ndilo lililotufanya tubishane katika chumba cha vitabu mpaka kengele ya chakula. Kitabuni, kituo cha mwisho ni nyumba moja mbovu juu ya kilima, pori pande zote, na Mzungu mmoja aliyeharibika akili kwa upweke na kwa kuabudiwa. Weusi wanatokea katika majani kama vivuli, wanapiga kelele, wanapotea. Hawana majina, na maneno yao ni machache sana. Woga wote wa kitabu unatoka hapo: kwamba huku hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Lakini Stanley Falls ya mwaka 1890 haikuwa hivyo hata kidogo! Tangu mwaka 1887 liwali wa hapa alikuwa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mtu wa Unguja, kwa mapatano na Leopold mwenyewe. Mwaka ule wa 1890 alikuwa amerudi Unguja, akamwachia mambo mpwa wake Rashid. Palikuwa na nyumba za Waarabu na Waungwana, mashamba ya mpunga, soko, barua zinazokwenda na kurudi mpaka pwani, na lugha ya mahali ilikuwa Kiswahili, ndicho hiki tunachowaandikia. Hatusemi kwamba Waungwana walikuwa malaika. Pembe zile zilipatikana kwa bunduki, na watumwa wengi walipita hapa wamefungwa shingoni. Katika familia zetu wako wanaotoka kwa waliofunga na wako wanaotoka kwa waliofungwa. Tunasema tu kwamba palikuwa mji, na mji una makelele ya watu.

Je, Conrad hakujua? Alijua. Katika mwaka wake wa mwisho, 1924, alitoa makala juu ya jiografia na wasafiri wa zamani, na humo akakumbuka usiku mmoja ndani ya meli hapa petu. Alikuwa anavuta kiko peke yake karibu na saa sita ya usiku, akasikia mngurumo wa maporomoko, akaona taa moja hafifu kwenye kisiwa kidogo katikati ya povu. Na hapo akamtaja Rashid kwa jina, kwamba kambi yake haikuwa mbali, juu kidogo ya maporomoko, maili kumi hivi. Aliandika pia kwamba kule kujisifu kwake kwa utoto kulikuwa kumetimia, lakini hakuona furaha, aliona uchungu, kwa sababu ndoto yake ilikuwa imechafuliwa na wanyang'anyi. Basi mji alikuwa nao kichwani miaka yote ile. Alipoandika habari ya kutisha aliutoa nje, kama mtu anayefukuza watoto uani ili nyumba ionekane ya mashetani.

Sasa mwenzetu mmoja, mwenye hasira nzuri, alitaka kitabu kirudi kwa mchwa. Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1975 mwandishi mkubwa wa Nigeria, Chinua Achebe, alisimama mbele ya chuo kikuu kimoja cha Marekani akasema waziwazi kwamba Conrad aliwadharau Weusi, na kwamba ni kosa kuifanya Afrika iwe pazia tu la nyuma kwa ajili ya wazimu wa Mzungu mmoja. Achebe alifariki mwaka 2013, na mabishano hayajaisha. Sisi tunaona alikuwa na haki. Huwezi kukisoma kitabu hiki ukiwa mtoto wa Tshopo bila kuumia.

Lakini iko sehemu ya pili, na mwenye hasira alipoisikia akakaa kimya. Kitabuni, mbele ya nyumba ya Kurtz ziko nguzo, na juu ya nguzo viko vichwa vya watu vilivyokauka. Tulifikiri hilo ndilo jambo la kubuni, la kuuzia kitabu, kama meno ya Dracula. Kumbe ni kinyume. Mwaka 1895 msafiri Mwingereza, Edward Glave, aliyepita hapa Stanley Falls, aliandika kwamba mkuu wa kituo, afisa Mbelgiji Léon Rom, alikuwa ameletewa vichwa 21 vya watu kutoka vitani, akavipanga kuzunguka maua mbele ya nyumba yake. Glave alikufa Matadi mwaka uleule, lakini maandiko yake yalichapwa katika gazeti la Marekani mwaka 1897. Gazeti moja la London likaitaja habari hiyo mwezi wa 12 mwaka 1898, mwezi uleule Conrad alipoketi mezani, katika nyumba ya shamba huko Kent, kuanza kitabu chake.

Kwa hiyo lililoonekana la kubuni ndilo la kweli, na lililoonekana la kweli, lile pori tupu lisilo na watu, ndilo la kubuni. Vichwa 21. Hapa, katika mji ambamo tunapita kila siku kwenda sokoni. Walikuwa watu wenye mama zao, na hatuna jina hata la mmoja.

Tuendelee na maisha yake upesi. Conrad alitoka Kongo mgonjwa kabisa, kuhara damu na homa, na hakupata tena afya nzuri mpaka kufa. Aliacha bahari mwaka 1894, akatoa kitabu cha kwanza mwaka 1895, akaoa Jessie George mwaka 1896, wakapata wana wawili. Moyo wa Giza kilitoka katika gazeti la Blackwood mwaka 1899 vipande vitatu, kisha katika kitabu mwaka 1902. Na hapa tunapenda kuongeza jambo linalotufurahisha: katika mwaka uleule wa 1902 maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yalianza kuchapwa Berlin. Watu wawili waliojua mto huu, na vitabu viwili, kimoja kwa Kiingereza na kimoja kwa lugha yetu. Kimoja kinasomwa dunia nzima. Kile kingine, katika shule yetu hakuna hata nakala moja.

Wapenzi wa habari za woga wajue kwamba alizo nyingine zilizosahauliwa. Mwaka 1901, pamoja na rafiki yake Ford Madox Ford, alitoa The Inheritors, habari ya watu wa ajabu kutoka upande mwingine wa ulimwengu wanaokuja kututawala kwa ujanja. Na ndani yake yumo mkubwa mmoja anayetaka kufanya Greenland kuwa koloni la wema na faida, na kila aliyesoma siku zile alimtambua Leopold. Mwaka 1913 alitoa The Inn of the Two Witches, habari ya kitanda kinachoua wageni usiku. Hiyo hatukuwasomea wa darasa la kwanza. Moyo wa Giza chenyewe kilisomwa katika redio ya Marekani na Orson Welles mwaka 1938, na mwaka 1979 kikageuzwa sinema, Apocalypse Now, mto ukahamishiwa katika vita vya Vietnam. Hata mto wakatunyang'anya.

Na Casement, yule wa Matadi? Mwaka 1903, akiwa konsuli wa Uingereza, alipanda mto huu kwa meli aliyoikodi kwa wamisionari Wabatisti wa Marekani, akasikiliza watu wa vijijini, akaandika taarifa juu ya mikono iliyokatwa na ukatili wa mpira. Wao walimweleza majina yao na ya watoto wao, naye akaandika waliyosema. Conrad alimpa barua ya kumuunga mkono, tena barua kali, lakini alikataa kuingia yeye mwenyewe katika chama cha kutetea Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hii. Mwaka 1916 Waingereza wakamhukumu Casement kunyongwa kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Watu wengi wakubwa waliomba asamehewe. Conrad hakutia sahihi. Mtoto wa mfungwa wa Warusi! Hapo ndipo sisi tulimwonea huzuni kuliko kumkasirikia.

Alikufa tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 1924, akazikwa Canterbury, na mchonga jiwe la kaburi akakosea jina lake.

Kitabu tumekirudisha rafuni, ile ya juu. Lakini kabla ya hapo, Jumamosi moja jioni, tulikibeba mpaka Wagenia, tukaketi mwambani karibu na miti ile mikubwa inayoshikilia vikapu vya kuvulia. Stanley aliiona na kuiandika mwaka 1877, na katika kitabu cha Conrad haimo. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza kamba akatuuliza tunasoma nini, tukamfasiria kurasa chache kwa Kiswahili. Alisikiliza vizuri. Kisha akataka kujua kama huyo Mzungu anasema lolote juu ya samaki. Tukatafuta, giza likiingia, mpaka tukampata mmoja: ni asubuhi ya mwisho kabla ya kufika kituoni, meli imetia nanga, samaki mkubwa anaruka majini, na yule mtu anashtuka kana kwamba amesikia bunduki.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akatuomba tusome tena pale, akauliza mkubwa kiasi gani.